Kuandika nambari kwenye stenlesi bila kuita kutu

Waliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata watanisamehe, itakuja. Leo nataka kuzungumzia kutu. Ndiyo, kutu ile ile ya mabati. Nimeshinda nayo miezi kadhaa sasa, na nimeona kwamba maelezo ya Kiswahili kuhusu jambo hili ni haba mno, ilhali wanaofanya kazi hii kwa Kiswahili kila siku ni wengi kuliko sisi waandika programu.

Mteja wangu ni karakana ya jua kali hapa Shauri Moyo, upande wa kuelekea Gikomba. Wanaunda vitu vya stenlesi: sinki za hoteli, meza za jikoni, matangi ya zile mashine za kuuzia maziwa madukani, na mitungi ya maziwa. Kwa asiyeujua mtaa huu, nyumba zake za kwanza zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi walioletwa kukaa hapa walikuwa wametolewa Pangani ya zamani ilipobomolewa. Kamukunji iko hapo jirani, ambako Rais Moi alifika mwaka wa 1985 akawaahidi mafundi mabanda ya kuwakinga jua. Nyundo zinaanza asubuhi na mapema. Mimi huandika programu nikiwa nimevaa visikizi ambavyo havichezi muziki wowote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji kiliagiza mitungi 160, kila mmoja uwe na nambari yake ya kudumu. Walitaka kujua mtungi upi umetoka kwa nani, umeoshwa lini, na maziwa yakikataliwa kwenye kipimo, yalikuwa ndani ya mtungi gani. Programu ya kufuatilia ilikuwa kazi yangu. Nambari kwenye chuma ilikuwa kazi ya karakana, nayo karakana ikampa fundi wa banda la pili aigonge, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vyuma vya kugongea nambari. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi kabisa.

Mitungi 40 ya kwanza ikaenda. Wiki ya nne haijaisha, katibu wa ushirika, mama mmoja asiyezungushazungusha maneno, akafika mwenyewe na mitungi miwili ndani ya gari. Ndani ya kila tarakimu mlikuwa na rangi ya kahawia, na michirizi imeanza kuteremka chini yake.

“Fundi, hii si stenlesi. Umetuuzia bati.”

“Mama, hiyo ni 304. Risiti ya shiti ninayo,” Mzee akajibu. (Mwenye karakana sote tunamwita Mzee, na nitamwita hivyo hapa.)

“Risiti haishiki kutu. Huu umeshika.”

Akatoa wiki tatu. Maelezo yasipopatikana, mitungi yote 40 ingerudi na malipo ya ile 120 iliyobaki yangesimama. Mzee alikuwa ameshachukua shiti zote kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa Industrial Area, na vijana sita walikuwa wakimtegemea kula. Yule mama akishaondoka, Mzee alinigeukia akasema, “Injinia, wewe ndiye unayesoma mambo kwenye mtandao. Soma.”

Basi nikasoma.

Jina la Kiswahili, chuma kisichoshika kutu, linaahidi kuliko chuma chenyewe kinavyoweza kutoa. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipoyeyusha mchanganyiko wake mashuhuri mwaka wa 1913, siri ilikuwa kromi. Chuma kikiwa na kromi kuanzia kama asilimia 10.5, kromi hiyo inaungana na oksijeni ya hewa na kufanya utando juu ya chuma. Utando huo ni mwembamba ajabu, nanomita chache tu. Ukikwaruzwa, unajirudisha wenyewe mradi hewa ipo na pamekuwa safi. Shiti ya 304 ina kromi karibu asilimia 18 na nikeli 8. Hiyo ndiyo maana sinki yako inakaa miaka bila rangi.

Neno la kushika hapo ni “safi”. Utando ukitobolewa na kitu kingine kikakaa kwenye kidonda, haujirudishi. Na maadui wakubwa kwa kazi zetu ni wawili. Wa kwanza ni chembe za chuma cha kawaida. Ukitumia burashi ya waya iliyokuwa ikisugua milango ya chuma, au jiwe la grainda lililokwisha kata nondo, unapaka chuma cha kawaida juu ya stenlesi. Hicho kinashika kutu chenyewe, na kutu yake inazuia utando wa chini usipone. Adui wa pili ni kloraidi, yaani chumvi na jamaa zake wote, ikiwemo dawa za kuondoa madoa kama Jik. Kloraidi inatoboa utando mahali padogo padogo na kuchimba vishimo. Vishimo ni vibaya kuliko kutu ya juu, kwa sababu kwa macho unaona nukta tu, kumbe chini yake pamelika.

Sasa angalia nambari iliyogongwa kwa nyundo. Ni bonde. Linashika maji, linashika sabuni, linashika Jik ya kuoshea, na kama chuma kilichogonga kilikuwa kichafu, linashika na chembe pia. Kama ungeombwa ubuni mtego wa kutu, usingebuni mzuri kuliko huo.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kama yule mama ana haki kuhusu shiti. Watu wengi hapa hutumia sumaku: ikishika, ni feki. Jamani, sumaku haitoshi! Shiti ya 201, ambayo ni ya bei nafuu na imewekwa manganizi badala ya sehemu kubwa ya nikeli, nayo haishikwi na sumaku. Upande mwingine, 304 halisi huvutika kidogo pale ilipokunjwa au kugongwa, kwa hiyo sumaku inaweza kukuponza pande zote mbili. Muuzaji wa shiti alikuwa na kile kifaa cha matone na betri ya volti 9 ambacho dawa yake hubadilika rangi ikikuta manganizi nyingi. Tukapima mtungi mmoja sehemu tatu. Shiti ilikuwa 304. Lakini hata kabla ya matone, mtungi wenyewe ulikuwa umeshatoa ushahidi: kutu ilikuwa ndani ya tarakimu na kuzizunguka kidogo, basi. Mdomoni hapana, kwenye maungio ya kuchomelea hapana, chini kwenye kitako kinachokaa kwenye maji hapana. Shiti mbaya haichagui kuoza kwenye nambari peke yake.

Tukaenda banda la pili. Fundi yule hakuficha kitu, akatuonyesha anavyofanya. Anasugua mahali kwa burashi ya waya ili pang’ae, anagonga, halafu anasugua tena kuondoa kingo. Burashi ni hiyo hiyo ya mageti. Sikumlaumu. Kwenye geti burashi hiyo haina kosa lolote, na hakuna aliyemwambia kwamba mitungi ni jambo jingine.

Hapo ningeweza kumwambia Mzee “nunua burashi mpya” na kurudi kwenye kompyuta yangu. Lakini mitungi 120 ilikuwa bado, na sikutaka kubahatisha kwa pesa za mtu. Nikamwomba vipande vya mabaki ya shiti ile ile, vya ukubwa wa kiganja, kumi na viwili. Tukaviandika kwa njia tofauti na kuviweka juu ya paa la nyumba ninayokaa. Asubuhi na jioni nilivilowesha kwa maji ya mfereji yenye kijiko cha chumvi kwa lita, vikikauka juani katikati. Siku kumi na nne. Si maabara, najua. Ila vyote viliteswa sawasawa, na hicho ndicho nilichotaka.

Vile viwili vilivyogongwa kwa njia ya banda la pili vilikuwa na kahawia siku ya tatu. Ushahidi wa kesi yetu huo.

Vilivyogongwa kwa vyuma vilivyofutwa kwa spiriti, bila burashi, vilikawia, kisha kimoja kikatoa nukta mbili. Vyuma vya kugongea ni chuma cha kawaida kilichokazwa, na haijalishi umevifuta vipi, vinaacha kidogo chao. Lakini vilivyogongwa vivyo hivyo na kisha kuoshwa kwa asidi ya sitriki havikutoa kitu mpaka mwisho.

Kalamu za wino za kuandikia chuma sikuzipa muda mwingi. Mitungi inasuguliwa kwa sabuni kila siku, wino hauna maisha. Kwa mwenye kuzitumia kwa alama za muda tu, kama kuonyesha pa kukata, jambo la kuangalia ni kilichomo ndani ya wino. Kwenye mitambo ya nyuklia hawaruhusu kalamu yoyote ile, wana kalamu maalumu zenye kloraidi kidogo mno, kwa kuwa wino uliobaki juu ya stenlesi ukapata joto unaweza kuanzisha nyufa. Sisi hatuna kinu cha nyuklia Shauri Moyo, lakini kanuni ni moja: futa alama kwa spiriti au asetoni kabla ya kuchomelea, usichome juu ya wino. Utepe wa plastiki wa PVC nao usiuache umegandia, una klorini ndani yake.

Kisha kuna njia ya umeme, ambayo vijana wengi wameiona kwenye video: betri, pamba, maji ya chumvi, na stensili. Inaandika vizuri ajabu. Umeme wa mkondo mmoja unakula chuma na kuacha bonde, wa mkondo geu unaacha weusi. Tatizo ni ile chumvi. Unachukua adui namba mbili, unamsukuma kwa umeme ndani ya kidonda, halafu unashangaa. Vipande vyangu viwili vya maji ya chumvi vilikuwa na vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Pia maji hayo yanaweza kutoa gesi ya klorini, na yanabaki na kromi iliyoyeyuka, ambayo mojawapo ya aina zake ni sumu ya saratani. Usimwage mtaroni. Mashine za kuuzwa za kazi hii zipo na ni nzuri, zina maji yake maalumu na dawa ya kuyazima baada ya kuandika. Hata hivyo soma karatasi ya maelezo ya maji hayo, suuza, kausha.

Na leza. Hapa ndipo moyo wangu wa kitekinolojia ulipokuwa, nakiri. Nilitaka msimbo wa QR kwenye kila mtungi, upige picha kwa simu, kazi kwisha. Mjini kuna anayefanya kazi za leza, akatuandikia vipande vinne. Viwili alivichoma kwa joto kubwa mpaka alama ikawa nyeusi tititi, nzuri ya kutamanisha. Ndivyo vilivyotoa wekundu wa kutu siku ya tisa. Sababu ni kwamba weusi ule ni oksidi iliyonenepeshwa na joto. Kromi inavutwa kuingia kwenye oksidi hiyo, na chuma kilicho chini yake kinabaki maskini wa kromi. Vipande viwili vya joto la chini, vyenye alama ya kijivu, vilivumilia. Kwa hiyo leza si mbaya, ila “nyeusi zaidi” haimaanishi “bora zaidi”, na mwenye mashine lazima ajue kwamba unataka kuosha chakula hapo.

Lakini QR ilikufa kwa sababu nyingine kabisa. Stenlesi iliyong’arishwa ni kioo. Kwenye jua la saa nne, simu yangu iliona anga, iliona uso wangu, msimbo haikuuona. Na QR ndogo kuliko zote ina vijiraba 21 kwa 21, yaani 441. DataMatrix ya 10 kwa 10 inabeba tarakimu sita na ingetosha, ila bado unahitaji leza na simu nzuri kwenye kituo cha kukusanyia maziwa saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi, mikono ina maji.

Nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kulipwa kwa kuliuliza: chuma kinahitaji kujua nini? Tarehe, jina la mfugaji, ujazo, historia ya kuoshwa, hayo yote yanakaa kwenye hifadhidata. Chuma kinahitaji kujua jina lake tu. Kila tarakimu inayogongwa ni kidonda kimoja zaidi, kwa hiyo tarakimu ziwe chache. Nikabaki na nne, na ya tano ya ukaguzi kwa kanuni ya Luhn, ile aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950 na ambayo iko kwenye kadi za benki na nambari za IMEI za simu. Mtungi 0417 unakuwa 04176. Karani akiandika 04716 kwa usingizi, programu inamkatalia papo hapo. Tarakimu tano za kugonga zimefanya kazi niliyotaka ifanywe na vijiraba 441.

Sasa utaratibu. Mwanzo nambari iligongwa mwisho, mtungi ukiwa umekamilika na umeshasafishwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa anakunywa chai, “Kwa nini tunachafua kitu tulichokwisha kuosha?” Tangu hapo nambari inagongwa mapema, kwenye sikio la mshikio, nje, mbali na maziwa, kabla sikio halijachomelewa. Kisha mtungi mzima, maungio na nambari pamoja, unapita kwenye kuosha kwa mwisho. Kidonda na dawa vinafuatana. Vyuma vya kugongea ni seti mpya, imefungwa kwenye kisanduku chenye rangi nyekundu, na atakayeigusia geti atatafuta kazi kwingine. Burashi ni ya stenlesi, nayo ina rangi.

Kwangu mimi hilo lilileta kazi. Programu yangu ilikuwa ikitoa nambari mtungi ukikamilika. Ikabidi nambari zitolewe kabla mtungi haujakuwapo, na sikio likiharibika nambari ife nalo, isitumike tena. Nikaongeza hali ya “haijazaliwa” kwenye jedwali. Vijana wa karakana wameipenda sana hali hiyo, kila sikio lililo mezani wanaliita mimba.

Kuhusu kuosha, wengi mmeniuliza kwa simu kwa hiyo naandika kwa urefu. Asidi ya sitriki ni ile ya unga inayouzwa kwa watengeneza sabuni na juisi. Kanuni ya Marekani inayoitwa ASTM A967 inakubali mchanganyiko wa asilimia 4 hadi 10 kwa uzito, kwenye joto la nyuzi 21 hadi 49, kwa dakika zisizopungua 20. Sisi tunaweka gramu 80 kwa kila kilo ya maji na tunaacha nusu saa. Kabla yake toa mafuta yote kwa sabuni, kwa sababu asidi haipiti kwenye mafuta. Baada yake suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa. Asidi inaondoa chembe za chuma cha kawaida na kuiacha kromi, na hewa inamalizia utando. Haiondoi weusi wa kuchomelea, hiyo ni kazi ya dawa nyingine kali yenye asidi ya haidrofloriki, na hiyo, ndugu yangu, usiishike bila mafunzo, glavu na jeli ya kalsiamu karibu. Inaingia ndani ya nyama usisikie kitu mpaka umechelewa.

Jambo moja zaidi: asidi ya sitriki na Jik zisikutane kamwe, hata kwenye ndoo ya kusuuzia. Zinatoa gesi ya klorini. Kwenye banda lenye mlango mmoja si mchezo.

Kipimo chetu ni maji tu. Mtungi unaloweshwa, unakauka, unaloweshwa tena, siku nzima, na asubuhi tunaangalia kahawia. Kuna kipimo cha haraka cha salfati ya shaba, ambacho chembe ya chuma huru ikiwepo inaota rangi ya shaba. Nilikitumia kwenye vipande vya paa. Kwenye mitungi hapana, hakifai sehemu zinazogusa chakula.

Ile mitungi 40 ilirudi kwa awamu. Tulisugua nambari kwa sponji mpya ya nailoni, tukabandika vitambaa vya pamba vilivyoloweshwa asidi, tukavizuia visikauke kwa nusu saa, tukasuuza. Mitungi 37 ikatoka safi. Mitatu ilikuwa na vishimo tayari, pengine iliyooshwa kwa Jik na kuachwa hivyo hivyo. Mzee akatengeneza mitatu mipya kwa pesa yake, na nambari za ile ya zamani nikaziua kwenye jedwali.

Mama katibu alikuja siku ya mwisho ya zile wiki tatu. Hakutaka hotuba yangu kuhusu kromi. Aliomba mitungi mitano aichague mwenyewe, ikaloweshwa mbele yake, akaiacha usiku kucha, akarudi asubuhi na miwani. Akapitisha kidole juu ya kila tarakimu. Kisha akamuuliza Mzee kama anaweza kumaliza ile 120 kabla ya mvua ndefu, na akakata shilingi 300 kwa kila mtungi wa ile 40, kwa usumbufu. Mzee akabishana kidogo, akakubali.

Sasa kuna mteja wa Kilifi, anataka trei za samaki, nazo ziwe na nambari. Huko chumvi haiko kwenye kijiko changu, iko hewani. Nimemwambia Mzee kwamba 304 haitaweza na tuulize bei ya 316, ambayo imeongezwa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 kwa ajili ya vishimo hivyo hivyo. Aliposikia bei alikaa kimya, akaagiza chai nyingine. Vipande sita vya 316 viko juu ya paa tangu Jumamosi, na safari hii nimeweka vijiko vitatu kwa lita.